Taya Lisilosema

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiamka panja zikinigonga na shingo imekakamaa. Nililaumu mto, kisha miwani. Mke wangu ndiye aliyenieleza: “Baba Neema, unasaga meno usiku.” Wazee wetu wangesema ni minyoo, nami, msomi mzima, nilimeza dawa ya minyoo. Haikusaidia kitu.

Daktari wa meno aliniagiza niweke vidole kwenye panja kisha niume. Msuli ukatuna. Kumbe msuli mmoja wa kutafunia umetandaa ubavuni mwa kichwa, na taya likikazana, shingo nayo hukaza. Ndiyo maana maumivu hutokea mbali na meno yenyewe. Akauliza kama mchana, nikiwa kimya, meno yangu hugusana. Hayapaswi kugusana, alisema, isipokuwa katika kutafuna na kumeza. Akanitengenezea kifuniko cha plastiki cha kulalia, huku akinionya kwamba hulinda meno tu, hakiondoi msongo unaochochea tatizo.

Nikaanza kujichunguza. Jumatatu, katika kikao cha idara, ilisomwa orodha ya wahadhiri wa muda ambao hawajalipwa tangu muhula uliopita. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Sote tukainamia makaratasi. Meno yangu yalikuwa yamebanana hata sikio likavuma. Na neno nilikuwa nalo.

Kikao kijacho ni Alhamisi. Nimeandika barua kuomba ajenda ile irudishwe, na nimeitia saini kwa jina langu.