Bizimu Isiyo na Mwenyewe

Mwaka jana, tulipochimba msingi wa chumba cha madrasa hapa Mtae, jembe liligonga bizimu ya shaba ya mkanda wa jeshi, yenye taji la Kijerumani. Mnunuzi wa vitu vya kale akaahidi shilingi laki tatu. Kamati, yenye deni la saruji, ilitaka kuuza. Mimi, katibu, niliomba subira: kitu kilichookotwa hutangazwa mwaka mzima, ndivyo alivyotufunza Mtume (s.a.w.).

Nikatangaza kila Ijumaa, na huku nikisoma habari za jeshi hilo. Lilipoweka silaha chini huko Abercorn, Novemba 25, 1918, askari wa Kiafrika walizidi elfu moja. Wazungu hawakufika mia mbili. Maofisa wameandikwa vitabuni kwa majina. Askari wetu, na wapagazi waliokufa kwa maelfu, aghalabu wameachwa kama idadi tu.

Mwezi wa tisa akaja bibi mmoja, akaigeuza bizimu mkononi.

"Si yetu, mwanangu. Babu yangu alikuwa mpagazi, hakuvaa mkanda. Alichukuliwa, hakurudi. Wewe unamtafuta mwenye shaba. Babu yangu nani amemuulizia?"

Nikainamisha kichwa. Ijumaa ile tulimwombea dua, tukamtaja kwa jina lake.

Mwaka wa tangazo ukitimia, kamati itaamua juu ya bizimu. Lakini daftari la msikiti sasa lina ukurasa wa majina ya waliochukuliwa. Ndugu msomaji, waulize wazee wako wangali hai.