Sauti ya Nyuma

Mpwa wangu alizisukuma spika zangu hadi zikagusa ukuta. “Mjomba, nimekuongezea nafasi,” akasema, kwa nia njema kabisa. Amekulia Marekani, katikati ya kila aina ya vyombo vya muziki, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba spika huweza kuimba kwa nyuma.

Mimi niliambiwa mjini Lawrence, Kansas, nilipokuwa mwanafunzi. Mjini humo ndimo zilimokuwa zikitengenezwa spika za MartinLogan, chapa iliyotokana na majina ya kati ya Gayle Martin Sanders na Ron Logan Sutherland. Nimehakikisha: modeli yao iliyopinda, CLS, ilitoka 1986. Lakini mwaka si kitu. Ninachokumbuka ni duka lililoziuza.

Lilinukia kahawa iliyochemka tangu asubuhi, pamoja na vumbi linaloungua juu ya valvu za amplifaya. Mwenye duka, mzee mwenye futikamba mfukoni, hakuanza kamwe na bei. Alikupeleka kwanza nyuma ya spika: muziki uleule. Kisha akakusimamisha ubavuni, na muziki ukanywea.

Kwenye CLS boksi hamna. Kuna utando wa plastiki, mwembamba kuliko unywele, kati ya mabati mawili yenye matundu, nao umetiwa volti elfu kadhaa. Unaposukuma hewa ya mbele, huivuta ya nyuma. Ubavuni mawimbi hayo mawili hufutana. Mpindo huisambaza sauti ya mbele hata aliyekaa pembeni asikie. Nyuma, kwenye ubonyeo, sauti hukusanyika kwanza, ndipo itawanyike kuelekea ukutani. Spika ikiwa mita 1 kutoka ukutani, sauti hiyo husafiri mita 2 zaidi na kuchelewa takriban milisekunde 6. Sikio huipokea kama kina cha ukumbi. Spika ikibanwa ukutani, sauti hiyo humchafulia mwimbaji sauti.

Nilimpelekea mzee santuri ya taarabu. Akasogeza, akapima, akasogeza tena, mpaka fidla zikajitenga na kodiani. Sijaisikia tena taarabu namna ile dukani.

Duka likafungwa, CD zikaja zikapita, uundaji wa spika hizo ukahamia Kanada. Siku hizi unauziwa spika na mtu asiyekuuliza hata chumba chako kina ukubwa gani, na jambo hilo linaniudhi, kwa sababu kwa spika hizi chumba ni nusu ya chombo. Asiye na nafasi ya kuacha nyuma ya spika, anunue za boksi.