Sungura Tuliyemuuza

Walimu wenzetu hupenda kutuuliza tulijifunza wapi kuchora. Huuliza hasa wanapopita mlangoni na kumwona ubaoni kiboko aliyevaa miwani, akiwaeleza wanafunzi wa kidato cha kwanza kwa nini yeye, ingawa jina lake lina umbo la KI-VI, hakubali kuitwa kiboko hiki. Siku zote tumekuwa tukiwajibu kwamba ni kipaji tu. Jibu hilo si la kweli, nasi tunaomba ruhusa ya wasomaji wa ukurasa huu tulisahihishe.

Tulihitimu stashahada ya ualimu mwaka 2003, tukapangiwa shule, lakini jina letu likachelewa mno kuingia katika orodha ya mishahara. Walimu wengi wa Uganda wanaifahamu hali hiyo, na hatuna haja ya kuieleza kwa kirefu. Mwenye nyumba hakuwa na habari ya orodha yoyote. Alidai kodi yake kila tarehe mosi. Ndipo rafiki mmoja alipotupeleka Nasser Road, barabara ya Kampala ijulikanayo kwa wapiga chapa, ambako karakana moja ilikuwa ikitafuta mkono wa kuchora. Tulifanya kazi humo kwa muda wa miaka minne, likizo na mwisho wa juma, hata baada ya mshahara kuanza kuja.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwachora wahusika wa filamu za katuni juu ya vitu vya watoto: mabegi ya shule, chupa za maji, majalada ya madaftari, rula, raba za kufutia. Anunuaye begi hudhani kwamba picha ile imetolewa tu kwenye filamu na kubandikwa. Haiwezekani hata kidogo. Chupa ni mviringo, na uso uliochorwa kwenye karatasi bapa huonekana umevimba mashavu ukishaizungushwa. Rula ni nyembamba, kwa hiyo mhusika hana budi kulazwa kifudifudi kama anayeogelea. Raba ni ndogo hata kope za macho hazikai. Ukizilazimisha, wino hujaa katikati yake na mnyama akawa kama aliyepigwa ngumi. Juu ya kitambaa cha begi wino huenea zaidi kuliko juu ya karatasi, na mstari uliokuwa mwembamba mezani hutoka mnene kama kidole. Yote hayo mchoraji ayawaze kabla hajainua penseli.

Mara nyingi karakana za namna hiyo huchora bila kumwomba mtu yeyote ruhusa, na mazao yake ndiyo yajazayo meza za soko la Owino. Nasi tulichora ya namna hiyo, hatukani. Lakini mwaka 2005 ilikuja kazi ya halali. Kampuni moja ilikuwa imepewa leseni na wenye mhusika huko ng'ambo, ikaipa karakana yetu sehemu ya kazi, na pamoja na kazi hiyo ikaja bahasha yenye kitabu cha mwongozo.

Tumesoma vitabu vingi vya sarufi katika maisha yetu, lakini hatujapata kuona sarufi iliyo kali kama ile. Mhusika alionyeshwa kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma. Urefu wake ulipimwa kwa vichwa vyake mwenyewe. Kila rangi ilikuwa na nambari, na haikuruhusiwa kusema "buluu" tu. Kisha yakafuata makatazo: asishike silaha, asishike kinywaji cha kulevya, asikutane na mhusika wa filamu nyingine, zipu ya begi isipite usoni pake. Wachoraji wakongwe wa karakana walituambia kwamba hivyo ndivyo zilivyo sheria za kazi hii duniani kote, wakatupa mfano wa Mickey Mouse, ambaye masikio yake hubaki miduara miwili hata akigeuka upande. Tangu siku hiyo kila tukimwona tunatazama masikio kwanza.

Kila mchoro ulipelekwa kwa wenye leseni ukaguliwe, ukarudi na maandishi mekundu. Tabasamu limezidi. Kidole cha nne ki wapi? Jicho la kushoto limeshuka. Tabasamu hilo tulilichora mara saba. Sisi tuliozoea kuishika kalamu nyekundu tulionja sasa ladha ya kuandikiwa nayo, na tunakiri kwamba tuliporudi darasani tulipunguza kidogo wino katika insha za watoto. Hata hivyo kazi ile ilitufundisha kutazama. Baada ya mara ya saba tuliuchora mdomo ule tukiwa tumefumba macho.

Biashara hii si ya jana. Mwaka 1903 Beatrix Potter, mwandishi wa Uingereza, alimsajili mwanasesere wa sungura wake Peter, mwaka mmoja tu baada ya kitabu chake kutolewa. Mwaka 1904, katika maonyesho makubwa ya St. Louis kule Marekani, mchoraji Richard Outcault aliwauzia wafanyabiashara wengi ruhusa ya kumtumia mtoto wake wa katuni, Buster Brown, na viatu vikauzwa kwa jina hilo kwa miaka mingi. Walt Disney mwenyewe alisimulia kwamba leseni yake ya kwanza ilikuwa ya daftari la watoto wa shule, akalipwa dola 300. Kufikia mwaka 1933 saa za mkono zenye sura ya Mickey zilikuwa zimeingia madukani. Mwenye mhusika hupata mrabaha, yaani fungu la kila kitu kiuzwacho. Mchoraji wa karakana hulipwa kwa mchoro, wala jina lake haliandikwi popote. Hilo tulilijua na hatukulinung'unikia, kwa kuwa mhusika hakuwa wetu.

Sungura alikuwa wetu.

Mwaka 2007 mwenye karakana alitaka mhusika wa kwake wa kuweka juu ya madaftari, asiyehitaji leseni ya mtu. Tukamchora sungura wa hadithi, yule ambaye Waganda humwita Wakayima na ambaye bibi yetu alitulaza naye usingizi. Kumtunga sungura hakuna mtu awezaye kujidai. Hadithi zake ni za wote. Lakini huyu tulimpa kanzu iliyokunjwa mikono, sikio moja lililokatika ncha, na kalamu nyuma ya sikio lililo zima. Alikuwa na namna ya kutazama kando kama ajuaye jibu na hataki kulisema. Tulimchora kwa juma zima, usiku, kwenye meza ya kulia chakula. Mama watoto alisema anafanana na babake mdogo, na kweli alifanana.

Tulilipwa shilingi laki mbili, kodi ya miezi minne. Tukapewa karatasi ya Kiingereza yenye kurasa mbili, tukatia sahihi tukiwa tumesimama, kalamu tuliyoazimwa ikiwa mkononi. Hatukusoma. Mwalimu wa lugha, anayewakaripia watoto kwa kujibu mtihani kabla ya kusoma maagizo, alitia sahihi bila kusoma. Laiti tungalisoma, tungaliona kwamba tunahamisha haki zote, kwa vitu vyote, kwa siku zote. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ilikuwa imekwisha kupitishwa mwaka 2006, nasi hatukuifungua.

Miaka ikapita, tukaacha kazi ya karakana. Siku moja darasani, tukifundisha methali, tulichora ubaoni sungura bila kufikiri, na mkono ukamleta yuleyule: kanzu, sikio, kalamu. Mtoto mmoja wa kiti cha mbele akacheka, akainua daftari lake.

"Mwalimu, umemnakili huyu!"

Darasa zima likageuka. Tulilichukua daftari. Rangi ilikuwa imetiwa nyingine, lakini macho yalikuwa yale, yanatazama kando. Chini ya jalada kulikuwa na maandishi madogo ya kutangaza kwamba haki zote zimehifadhiwa, na jina la kampuni ambayo hatukuijua. Yamkini karakana ilikwisha kumuuza tena. Wiki hiyohiyo tulikuwa tumewaadhibu wanafunzi wawili kwa kunakiliana insha. Watoto walikuwa wakingoja tuseme neno.

Tukasema, "Ndiyo, tumemnakili." Tukamfuta, tukaendelea na methali.

Hatukulala vizuri usiku ule. Baadaye tulisoma kisa cha Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana waliomuuza Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Mwaka 1975, wakiwa wazee na maskini, walikubaliwa malipo ya kila mwaka, na majina yao yakarudishwa juu ya kazi yao. Inatushangaza kwamba sehemu iliyotugusa zaidi haikuwa ya fedha, bali ile ya majina. Tukaitafuta sheria yetu ya mwaka 2006, safari hii tukaisoma polepole kwa kamusi, tukaona kwamba mtunzi aliyeuza haki za fedha bado anayo haki ya kutajwa. Tulimwandikia mwenye karakana. Barua ilirudi, amehama, na hakuna ajuaye aliko.

Mwaka huu mchapishaji mmoja ametuomba tumchoree picha za kitabu cha hadithi za Kiswahili kwa shule za sekondari. Mkataba wake una kurasa nne. Tuliusoma kwa siku mbili, tukawauliza wenzetu wawili wa chama, tukakata kwa wino mstari mmoja wa ukurasa wa tatu, tukaandika pembeni kwamba jina la mchoraji litatokea ndani ya kitabu na juu ya kitu chochote kitakachotengenezwa kwa picha zake, na kwamba kwa vitu hivyo atalipwa mrabaha. Tuliurudisha kwa mkono wetu wenyewe. Karani aliutazama ule mstari uliokatwa, akatutazama na sisi, akasema tutapigiwa simu.

Ni juma la tano sasa, simu haijapigwa. Tumeanza kumchora hata hivyo.