Shahidi wa Chini ya Ardhi

Ahadi isiyo na shahidi ni rahisi kuivunja. Mwaka 1963 mataifa makubwa yalipatana kuacha kujaribu mabomu ya nyuklia hewani, majini na katika anga za mbali. Chini ya ardhi hayakukatazwa, na huko ndiko majaribio yalikohamia. Mkataba wa mwaka 1996 ukakataza hata hayo. Lakini nani ataona lifanyikalo ndani ya miamba?

Jibu ni kwamba halionekani, bali husikika. Hapa Kanduyi malori yaendayo Malaba hutikisa madirisha yetu, na wanafunzi wangu hupambanua lori lenye mzigo na lililo tupu kabla ya kuliona. Wataalamu wa mitetemo hufanya vivyo hivyo kwa vyombo vyao. Bomu husukuma miamba pande zote kwa mara moja. Kwa hiyo mawimbi yake ya msukumo, yatanguliayo kufika, huwa na nguvu. Tetemeko hutokea miamba itelezapo ubavu kwa ubavu, na mawimbi yake ya kuyumbisha, yafuatayo nyuma, huzidi. Hulinganishwa haya na yale, ndipo hukumu hutolewa.

Kenya nayo imo katika ushahidi huu. Kilimambogo, karibu na Thika, pana kituo kimojawapo cha vituo vikuu 50 vya mitetemo vilivyowekwa na mkataba huo, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2000. Habari zake hupelekwa Vienna. Korea ya Kaskazini ilipolipua bomu mwezi Septemba 2017, vituo vya mbali viliandika mtikisiko wa kiasi cha 6.1.

Hila haikosekani. Mwaka 1966 Marekani ililipua bomu dogo ndani ya pango la chumvi huko Mississippi, na mtikisiko wake ukafifia mara 70 hivi. Ndiyo sababu masikio yanatakiwa kuwa mengi, tena karibu. Na vyombo vingine hunasa sauti za hewani na gesi zivujazo ardhini.

Mkataba wenyewe haujapata nguvu kamili ya sheria, kwa kuwa baadhi ya mataifa hayajauridhia. Hata hivyo, msomaji kijana, kazi ya mashahidi hawa ina heshima kubwa. Huchunguza kwanza, husema baadaye. Asishitakiwe aliyepatwa na tetemeko, wala asifichike aliyelipua bomu. Nchi isiyo na bomu hata moja yaweza kusimama kati ya wakubwa na kusema kweli.