Njia ya Mombo Hata Lushoto, na Gari Lililokula Petroli

Msafiri ashikaye njia kuu itokayo Segera kwenda Same huiona milima ya Usambara mkono wake wa kuume, imesimama kama ukuta. Chini ni nchi ya joto, ya mkonge na vumbi. Juu ni nchi ya baridi, ya ukungu na mboga, ambako pichi na plamu hustawi. Mahali pa kupandia ni Mombo, penye mita zipatazo 400 juu ya bahari. Kutoka hapo barabara yaingia katika bonde jembamba, yapita Soni penye maporomoko ya maji, hata yafika Lushoto, mji ambao Wadachi walipotawala waliuita Wilhelmstal, ulio juu kwa mita zipatazo 1,400. Mwendo wote ni kama kilometa 33 tu. Kwa mwenye miguu au mwenye gari, barabara hii ni mwalimu asiyeficha neno: ugonjwa uliojificha katika nchi tambarare, hapa hudhihirika.

Tulipanda njia hiyo kwa kombi la Volkswagen, mali ya nyumba tatu zilizolinunua kwa shirika. Magari ya namna hii yalianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, na huko Brazili yaliendelea kutengenezwa hata mwaka 2013. Injini yake i nyuma, nayo hupozwa kwa hewa, haina rejeta. Kombi letu lilikuwa likiteremsha mboga sokoni, na usiku wa shida likiwateremsha wagonjwa na akina mama waja wazito. Lakini kwa muda wa miezi kadhaa lilikuwa likila petroli kupita kiasi, na watoto walioketi nyuma walilalamika kuumwa kichwa. Fundi mmoja alisema injini imekwisha, haina budi kufumuliwa yote, na gharama aliyoitaja ilitosha ada ya shule ya watoto wawili kwa mwaka. Nyumba moja ilikwisha kusema liuzwe.

Safari hii tulikuwa na mzee mmoja aliyefanya kazi ya makanika tangu ujana wake. Alipoyasikia hayo alisema, "Wanangu, msiulize bei kabla ya kuuliza sababu."

Hapo Mombo alitusimamisha kwanza, injini ikiwa ya moto, maana tulitoka Korogwe. Akatutaka tuutazame moshi. Dalili ya mvua ni mawingu, na moshi nao una rangi zake. Moshi wa samawati ni oili inayoungua, na hapo injini yenyewe yaweza kuwa imechakaa. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi hewa. Wetu ulikuwa mweusi. Petroli hutaka hewa nyingi ili iungue vema: kwa kila kilo moja ya petroli, kilo zipatazo 15 za hewa. Hewa ikipungua, au petroli ikizidi, hubaki masizi, na hewa ya sumu isiyo na harufu huongezeka katika moshi. Ndiyo iwaumizayo watu vichwa, nayo yaweza kuua. Basi madirisha yote yakafunguliwa, na watoto wakahamishwa mbele.

Mmoja wetu alisema labda ni mlima. Neno hilo lina ukweli, kwa sababu kabureta haijui kwamba imepandishwa juu, na hewa ya Lushoto ni nyepesi kuliko ya Mombo kwa karibu sehemu moja katika kumi. Lakini mzee alitukumbusha kwamba moshi ulikuwa mweusi tangu chini. Mlima huzidisha kosa, haukulianzisha.

Soni tulipumzika hata injini ikapoa. Mzee akakataza moto wa kila namna karibu na gari, ndipo akafungua plagi zote nne. Plagi ya injini nzima ina rangi ya chai. Ya injini inayokula oili huwa na utando wa mafuta. Zetu zilikuwa nyeusi, kavu, zenye masizi, tena zote zikifanana. Kama ingalikuwa moja tu, tungalitafuta katika silinda ile. Zikifanana zote nne, sababu i mahali pamoja pazilishapo zote, yaani katika kabureta na njia ya hewa.

Akaanza na lililo rahisi. Chujio la hewa lilikuwa na vumbi, likasafishwa. Akachungulia koo la kabureta kama petroli yadondoka injini ikiwa imezimwa, ambayo ni dalili ya sindano ya boya isiyofunga, palikuwa pakavu. Kisha tukawasha injini, tukangoja ipate moto, akakitazama kile kilango kidogo cha choki. Kazi yake ni kuzuia hewa asubuhi, injini ikiwa baridi, kisha kufunguka. Chetu kilikuwa kimefungwa nusu. Katika kabureta ile, umeme hupasha moto utepe wa chuma uliojiviringisha, nao ukipata moto hukifungua kilango. Mzee akaufuata waya wa umeme kwa kidole, akaukuta umechomoka, bila shaka kwa mtikiso wa njia. Akaurudisha na kuubana kwa koleo. Punde kilango kikasimama wima, na moshi ukapungua mbele ya macho yetu.

Hata tulipofika Lushoto moshi mweusi haukuonekana tena. Lakini mzee hakuturuhusu kuliacha jambo hapo. Petroli iliyozidi huiosha oili kutoka katika silinda, hushuka chini na kuifanya oili nyepesi. Tulipokichomoa kijiti cha oili kilinuka petroli, basi oili ikabadilishwa siku ile ile. Gharama yote ilikuwa oili na plagi nne. Kombi halikuuzwa, na ada ya watoto haikuguswa.

Wenye magari ya kale, na ninyi walimu mfundishao vijana kazi za mikono, shikeni utaratibu huu: moshi, plagi, chujio, sindano ya boya, choki, lililo rahisi kwanza, lililo ghali mwisho. Wala msiwashe injini katika banda lililofungwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwanza yakupasa kuujua ufa ulipo.