Elisi Alipofika Kamembe

Mimi ni mchoraji wa mabango. Ukishuka kutoka Kamembe, hapa Rwanda, kwenda mpakani, Rusizi ya Kwanza, huenda umekwisha kupita chini ya kazi ya mkono wangu bila kujua: mwanamke wa saluni mwenye nywele za kusuka, ng'ombe wa bucha, kinyozi na mashine yake. Kazi hii nilifundishwa Bukavu, ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, na fundi mmoja wa Kadutu aliyekuwa na kanuni moja tu. Chukua picha aliyoileta mteja, ipige miraba, kisha nakili mraba kwa mraba mpaka uso utokee. Nyuso zenyewe zilitoka katika majarida ya Ufaransa na kalenda za ukutani. Nilichora wanawake wazuri miaka na miaka, na hakuna hata mmoja aliyefanana na mtu wa Rusizi. Wateja waliridhika, unga ulinunuliwa, ada ya shule ililipwa.

Ushuhuda wangu ni huu: kitabu cha watoto kiliigeuza kazi hiyo, kikanigeuza na mimi.

Nilikinunua Nyawera, mjini Bukavu, kwa muuza vitabu aliyekuwa amevitandaza chini juu ya turubai. "Papa, hii kitabu iko na mapicha mingi, watoto watapenda," aliniambia, nikamlipa. Ilikuwa hadithi ya Alice ya Lewis Carroll, kwa Kifaransa, pamoja na michoro ya John Tenniel. Mimi ni wa kizazi kilichosomeshwa kwa Kifaransa, kabla ya uamuzi wa mwaka 2008 wa kuhamishia masomo kwenye Kiingereza. Binti yangu ni mtoto wa Kiingereza cha shuleni, na mama yake ni mzaliwa wa Bukavu, kwa hiyo nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili. Jioni nilikuwa nasoma ukurasa kimoyomoyo, kisha namsimulia kwa Kiswahili, na yeye wakati akinisubiri alikuwa akitazama picha.

Tulifika pale Alice anaporefuka mpaka anaijaza nyumba nzima, mkono mmoja umetoka nje ya dirisha, kichwa kimebanwa na dari. Binti yangu akaweka kidole ukutani mwa chumba kile. "Baba, hii giza imetoka wapi? Mbona hakuna rangi?"

Nikasogeza kitabu kwenye taa. Kwangu mimi giza lilikuwa kitu cha kopo: unafungua, unachovya, unapaka. Katika kitabu kile giza lilikuwa mistari mitupu. Mistari myembamba imekatizwa na mingine. Inapokaribiana giza linaingia, inapoachana mwanga unapita. Hakuna kopo, hakuna brashi, na bado chumba kina kona, kitambaa kina uzito, uso wa mtoto una dhiki. Usiku ule nilijaribu kwa kalamu ya Bic nyuma ya daftari. Nilichopata kilikuwa wavu wa kuvulia sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kila tundu sawa na jingine. Lakini nilikuwa nimeamka. Nilikuwa sijawahi kuona mchoro unaonidai nifikiri kila mstari unaenda wapi na kwa nini.

Nikaanza kumtafuta huyu Tenniel kwenye simu. Nilijifunza kwamba alikuwa mchoraji wa gazeti la Punch la London, na kwamba tangu ujana wake jicho moja lilikuwa halioni, kwa sababu ya ajali katika mchezo wa kupigana kwa vitara. Kitabu cha Alice alikichorea picha 42. Alikuwa anachora kwanza kwenye karatasi, kisha anauhamishia mchoro juu ya kibao cha mti mgumu, na hapo akina Dalziel, ndugu waliokuwa mafundi wa kuchonga, wanaondoa mti wote usiotakiwa na kuacha mstari peke yake umesimama. Kila kitu kiko kinyume, kulia ni kushoto. Patasi ikiteleza upana wa unywele, uso umekwenda. Mimi ninayejua maana ya kukosea pua ya mteja nikiwa juu ya ngazi nilisoma maelezo hayo taratibu, nikayarudia.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya mwaka 1865. Nakala 2,000 za kwanza zilikuwa zimekwisha kuchapwa. Tenniel akazitazama, akasema picha hazikutoka vizuri. Carroll, ambaye ndiye aliyekuwa analipia uchapaji kutoka mfukoni mwake, akakubali toleo lile liondolewe na kazi ifanywe upya. Miaka michache baadaye, kwa kitabu cha pili cha Alice kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1871, Tenniel alimwandikia kwamba sehemu fulani yenye nyigu aliyevaa nywele za bandia haimvutii na haoni namna ya kuichora. Carroll akaiondoa.

Katika kazi yangu yote sikuwahi kumwambia mteja hapana. Mchoraji wa mabango ni mkono wa kukodi. Akili ni ya mwenye duka. Na hapa kulikuwa na mtu ambaye mwandishi mwenyewe alimsikiliza, kwa sababu wote wawili walijua kwamba mtoto atakayefungua kitabu kile ataamini picha kabla ya kuamini maneno. Tena Carroll aliyaandika maneno yake akitegemea hivyo. Ukisoma kwa makini utaona hakuna mahali anapoeleza sura ya Alice kwa kirefu. Akifika kwenye yule mnyama mwenye kichwa cha tai na mwili wa simba, hajisumbui kumweleza. Anamwambia msomaji atazame picha. Yule mtoto mwenye nywele za manjano na aproni ni kazi ya Tenniel. Alice Liddell, msichana aliyesimuliwa hadithi ile mara ya kwanza ndani ya mashua tarehe 4 Julai 1862, alikuwa na nywele nyeusi zilizokatwa fupi.

Nilipolijua hilo nilikaa nalo muda mrefu. Gauni la buluu ambalo kila mtu hulikumbuka lilienezwa sana na filamu ya Disney ya mwaka 1951. Toleo la wadogo la mwaka 1890, ambalo picha zake Tenniel alizitia rangi, lina Alice wa gauni la njano. Arthur Rackham alimchora mwaka 1907, akiwa mrefu na mwenye mawazo, katikati ya miti yenye vidole. Tove Jansson alimchora mwaka 1966, Salvador Dalí mwaka 1969, na kwa Dalí ni kivuli kidogo tu kinachoruka kamba. Kila nchi na kila mkono una Alice wake. Basi sura yake haina mwenyewe, na kila atakayemchora anajibu upya swali la mtoto huyu ni nani.

Jibu lililonivunja moyo wa zamani na kunipa mpya lilikuja kutoka kwa mpwa wangu, aliyekuwa masomoni Dar es Salaam. Nilikuwa nimemweleza habari za kitabu changu, naye akanitumia kurasa alizozipata: Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St. Lo Conan-Davies, iliyotolewa na Sheldon Press, London, mwaka 1940. Nikafungua picha ya kwanza kwenye simu nikiwa nimesimama sokoni Kamembe, na nikasahau nilichokuwa nimekwenda kununua. Mtoto aliyekuwa kwenye picha alikuwa Mwafrika.

Nilikwenda nyumbani nikaweka simu kando ya kitabu cha Nyawera. Mikao ilikuwa ya Tenniel. Yeyote aliyechora picha za Elisi alikuwa amefanya kazi niliyofundishwa Kadutu, kufuata mfano uliopo, ila alipofika kwenye mtoto mwenyewe aliuacha mfano. Sitaki kulipamba toleo lile kupita kiasi. Lilitengenezwa wakati wa ukoloni, kwa watoto ambao wakubwa wa zama zile walidhani wanajua kinachowafaa. Lakini mtoto wa Kiswahili aliyelifungua mwaka 1940 alikuta mwenye kushangaa, mwenye kubishana na malkia, mwenye kuuliza maswali mpaka mwisho, ni mtoto wa rangi yake. Miaka ile vitabu vingapi vilimpa hilo? Na mimi, katika Rusizi ya leo, nilikuwa bado nawachora wanawake wa kalenda.

Baada ya hapo mkono wangu ulikataa. Mwenye saluni alipoleta picha iliyokatwa kwenye jarida, nilimwomba nimchore yeye, au dada anayesuka pale pale. Wengine walicheka wakaenda kwa wenye mashine za kuchapa mabango ya plastiki, na kipindi kile nyumbani tulikula kwa hesabu. Mke wangu alinitazama akaniambia, "Baba Elisi, endelea." Jina hilo limenikaa mpaka leo. Polepole wakaja waliotaka nyuso zao wenyewe ukutani, na wapo ambao wamewaleta mama zao kuonyeshwa.

Kisha nikaitwa kuchora ukuta wa kituo cha watoto wadogo, hapa hapa wilayani. Kamati ilitaka wanyama wa filamu za katuni. Niliwaletea Elisi kwenye makaratasi, nikaomba wanipe jioni moja niwasimulie. Nilimchora na kichwa kilichonyolewa kama wanafunzi wetu, gauni la buluu la shule ya msingi, miguu yenye vumbi. Mama mmoja wa kamati, muuza samaki, alimtazama kwa muda. "Huyu ni wa kwa nani?" aliuliza. Nikamjibu kwamba ametoka kwenye kitabu. "Hapana," akasema, "nimemwona huyu akiteremka na kidumu cha maji." Kamati ikakubali.

Kazi ya ukuta ule ndiyo iliyonifundisha kusoma. Nilitumia tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ya mwaka 2015, na watoto walikaa nyuma yangu wakisahihisha kila kitu. Ziwa la machozi ya Elisi nililifanya Kivu, na mashua tatu za wavuvi wa sambaza zimefungwa pamoja na miti yao mirefu, na kati ya wanaoogelea yumo korongo mwenye taji, umusambi wetu. Meza ya chai niliiweka kwenye vilima vya Shagasha, chai ikiwa bado kwenye michai pande zote na watu wanaoinywa wasiokwisha. Paka anayecheka alipanda juu ya mti wa msitu wa Nyungwe, mahali ambapo kila mtoto aliyewahi kupanda basi la Kigali anapajua kwa baridi yake.

Sungura wa kitabuni, yule mwenye saa, ndiye aliyetushinda. Mtoto wa Rwanda ukimtajia sungura amekwisha kumjua: ni Bakame, mjanja wa hadithi zote, ambaye hata nyumba ya vitabu vya watoto iliyoanzishwa Kigali mwaka 1995, Editions Bakame, ilichukua jina lake. Watoto hawakukubali kwamba Bakame anakimbia kwa kuogopa kuchelewa. Walitaka kujua anamdanganya nani. Nilieleza, nikaeleza tena, mwishoni nikaona wao ndio wasomaji na wana haki yao. Nikamwachia saa mkononi na mbio zile zile, lakini jicho nikaligeuza pembeni, linamchungulia Elisi kama anafuata. Wakaridhika. Tangu siku ile, kwenye ukuta wetu, Elisi hakuanguka shimoni kwa bahati, aliitwa.

Nimebadilika katika mambo ambayo sikuyatarajia. Zamani nikimaliza bango ninashuka ngazi, nakunja turubai, nakwenda kulipwa. Sasa nakaa mbele ya uso kabla ya kushika brashi, namuuliza mtu habari zake. Nimejifunza kutia giza kwa mistari, na natumia rangi kidogo zaidi kuliko zamani. Binti yangu anachora Elisi wake mwenyewe, na wa kwake ana kaka mdogo mgongoni, jambo ambalo Carroll hakuliwaza, wala Tenniel, wala mimi.

Upande mmoja wa ukuta bado mtupu, nao ni wa yule kasa wa huzuni wa kitabuni. Tenniel alimpa mwili wa kasa na kichwa cha ndama, kwa sababu Waingereza walikuwa na supu iliyoitwa ya kasa lakini ikapikwa kwa kichwa cha ndama. Watoto wa Rusizi hawajui supu hiyo, ila mishikaki ya soya, inayoliwa mahali pa nyama, wanaijua vizuri. Kwa hiyo nimewapendekezea mbuzi wa soya, mnyama ambaye mishikaki ile inatoka kwake, analia kwa sababu zamani alikuwa mbuzi kamili. Wamempenda mara moja. Sasa wamegawanyika: kundi moja linataka majani ya soya yaanzie kwenye pembe, jingine linataka pembe zibaki na majani yawe mkiani, na Jumamosi wanaleta michoro yao tuamue.