Injini Iliyokufa na Maji ya Kisima cha Bethlehemu

Tangu mwezi uliopita mmekuwa mkiniuliza mbona mchungaji anaonekana stejini akingoja matatu za Kathiani, na mbona Jumapili mbili akina mama wa kule Mutituni wamekuja wamechelewa, viatu vimejaa vumbi. Wengine mmeuliza kwa upendo. Wengine mmesema gari limeuzwa kimya kimya. Basi leo naandika yote, mjue kilichotokea, na mjue kwa nini niliamua nilivyoamua, maana najua wengi wenu mna gari kama langu na siku yenu inakuja.

Gari ni ile Fielder mnayoijua, ya mwaka wa 2009, injini ya 1NZ. Imetembea kilomita 287,000. Nikitoka Kyumvi kurudi Machakos, taa ya oili iliwaka na papo hapo chuma kikaanza kugonga. Nilizima na kusimama kando ya barabara, lakini mlio ule ukishasikika, kazi imekwisha. Fundi alipofungua sampu ya chini alikuta vipande vya beringi vinang'aa ndani ya oili kama samaki wadogo. Injini ilikuwa imenoki.

Fundi wa kwanza, ambaye sitamtaja, hata hakuweka chombo mkononi. Aliniambia niuze gari kama lilivyo kwa shilingi 300,000, na mnunuzi alikuwa naye tayari kwenye simu. Wapendwa, mtu anayekutangazia kifo na jeneza akiwa nalo mkononi, mshukuru, uondoke.

Wa pili ni kijana wa Mumbuni. Kanisani kwetu haji, na kwingine pia sidhani kama huenda. Alinipa njia mbili na bei zake. Njia ya kwanza, kufungua injini yote: kupeleka kranki Nairobi ikachongwe, kununua beringi za saizi ya chini, ringi, gasketi zote, jumla 115,000. Ya pili, kutoa injini nzima na kufunga nyingine iliyotumika kutoka Japani, na hiyo pamoja na kazi, oili na vitu vidogo ilikuja 112,000. Tofauti ni 3,000 tu. Nikamwuliza, wewe ungefanya nini? Akasema, "Pasta, kwangu mimi kuifungua ndiyo kuna pesa, maana ni kazi ya wiki nzima. Lakini ukuta wa silinda ya tatu umekwaruzwa, na spea za siku hizi siziamini. Funga nyingine."

Mtu akisema ukweli unaompunguzia mshahara, mimi humsikiliza. Nimewahi kuwasikiliza watu wenye Biblia kubwa ambao hawakufika hapo.

Lakini swali kubwa halikuwa injini ipi. Swali lilikuwa kama gari lenyewe linastahili. Hapa watu wengi hupiga hesabu vibaya. Wanachukua gharama ya kutengeneza na kuilinganisha na gari walilonunua zamani, au na gari jipya wanaloliota. Hesabu ni hii: likishatengenezwa, litakuwa la bei gani sokoni, na kilichobaki kina uzima gani? Tulikagua gia boksi, shoka, bodi chini kama kuna kutu. Vyote vizima. Gari zima la aina hiyo na umri huo hapa kwetu niliambiwa ni kama 650,000. Kwa hiyo 112,000 zinaokoa 350,000. Kama gia boksi ingekuwa inateleza na bodi imeliwa na kutu, ningewaambia leo habari nyingine kabisa.

Na kununua jingine? Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo ukitaka la kutoka nje unanunua la juzi juzi, kisha ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine juu yake. Nilioonyeshwa yalikuwa zaidi ya milioni moja na nusu. Ukinunua lililotumika hapa hapa, unanunua injini usiyoijua historia yake. Yangu angalau nilijua imekufa. Kulikuwa na ndugu aliyenipa namba ya watu wa mikopo ya logbuku. Mithali 22:7 mnaijua, sihitaji kuiandika.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nisilale usiku.

Siku ya tatu baada ya gari kuvutwa, kikundi cha wanaume kilifungua harambee kwenye WhatsApp bila kuniambia. Lengo lilikuwa 600,000, "mtumishi apate gari linalolingana na kiwango chake". Kwa siku mbili ahadi na M-Pesa zilikuwa zimefika 148,000. Nilipoingizwa kwenye kundi nilisoma orodha jina kwa jina. Nawajua watu hao. Nilimwona mmoja ambaye paa lake linavuja. Nilimwona kijana wa bodaboda ambaye bado analipa mkopo wa pikipiki. Na nilimwona mama anayeuza sukuma wiki pale Marikiti, ambaye Jumatatu ile mwanawe alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Ametoa 1,000.

Katika 2 Samweli 23, Daudi aliwa na kiu akatamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa watatu wakapenya katikati ya Wafilisti wakamletea. Aliyatazama maji yale akaona damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Hakuyanywa. Mimi nilitazama orodha ile nikaona mambo kama hayo, nikaandika kwenye kundi kwamba harambee isimame na mweka hazina amrudishie kila mtu kwa namba aliyotuma nayo.

Haikupokelewa vizuri. Mzee mmoja alinipigia, sauti imepanda, akasema nawanyima watu baraka zao. Mwingine alisema mchungaji akipanda gari kuukuu watu wa nje watasema Mungu wetu ni maskini. Huyo nilimjibu, na namjibu tena hapa: sikubaliani na mafundisho hayo, na sijawahi kuyahubiri madhabahuni petu. Someni 2 Wafalme 12. Hekalu lilikuwa na nyufa, na hata mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi lilikuwa halijatengenezwa. Kuhani Yehoyada alipoweka sanduku lenye tundu kwenye kifuniko, fedha zilienda kwa maseremala, waashi, mbao na mawe. Bakuli za fedha zilingoja. Hakuna aliyesema nyumba ya Mungu ikiwa na ufa ijengwe nyingine ya kifahari zaidi. Na wale mafundi walikuwa waaminifu kiasi kwamba hawakudaiwa hesabu. (Mimi na kijana wa Mumbuni tuliandikiana kila kitu, hata boliti. Upendo upo, lakini na karatasi iwepo.)

Pesa zikarudishwa. Mama wa Marikiti akazituma tena. Mweka hazina akarudisha mara ya pili, naye akaja kwangu mwenyewe, na kikapu chake, saa moja asubuhi kabla ya kufungua biashara. Akasema, "Pasta, karo ya mtoto naitafuta mimi na Mungu wangu. Lakini usiku ule nilipozidiwa, gari hilo ndilo lilinipeleka Level 5. Daudi hakuwarudishia wale watu maji yao kwenye chupa. Aliyamwaga mbele za Bwana. Usinipangie sadaka yangu."

Nilinyamaza. Miaka yangu yote ya kuhubiri sura ile sikuwahi kuitazama kutoka upande wa waliobeba maji. Nilipokea ile 1,000. Bado sijui ni wapi hasa mstari unapita kati ya kumlinda mtu maskini na kumnyima heshima ya kutoa, na mwenye nuru juu ya hilo aniandikie hapa chini. Nilichofanya ni kumwambia fundi anunue kwa pesa ile mpira mpya wa radiata, na risiti nimeihifadhi. Zilizobaki, mke wangu na mimi tulitoa kwenye akiba ya kumalizia jikoni. Jikoni itangoja, kama zile bakuli.

Kwa wale watakaopita njia hii: kabla ya kulipia injini ya mtumba, soma namba iliyochongwa kwenye bloku na uilinganishe na karatasi za kuingizwa nchini. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa imetolewa kwenye gari la mtu mwingine aliye kituo cha polisi akilia. Dai vipande vya zamani uvione kwa macho. Na kwa kuwa namba ya injini iko kwenye logbuku, NTSA lazima ijulishwe na gari likaguliwe, la sivyo siku ya kuuza, au siku ya ajali, utajua hujui.

Injini ilifungwa Jumanne. Nimelipandisha gari hadi Iveti na kurudi, joto limekaa katikati, oili haijapungua. Akina mama wa Mutituni, Jumapili niko kwenye kona ya kanisa la zamani saa mbili kasorobo. Viti ni vinne. Mzee mwenye mkongojo akae mbele.